Picha ya Mwezini na Benchi la Mzee Anselmo

Nilimkosa Margareta binti Anselmo kwa sababu ya picha moja ya mwezini. Wenzangu walikosa wachumba kwa ulevi, kwa ufukara, kwa mashangazi wenye husuda. Mimi nilikosa kwa sayansi, na sayansi yenyewe nilikuwa nimeishika kichwa chini miguu juu.

Jambo hili limenirudia juzi, baada ya mpangaji wangu mmoja, mama muuza mitumba, kunisogezea simu yake usoni. Ilikuwa picha ya kule kwenye sayari ya Mirihi, iliyopigwa na moja ya yale magari yanayotembea huko bila dereva. "Babu, hebu ona. Si mlango huu? Kuna watu kule!" Nikavaa miwani. Niliona jiwe lililopasuka. Kesho yake akanionyesha kijiko, keshokutwa mfupa wa paja. Anasema watu wa dunia nzima wanabishana juu ya picha hizo na kutukanana mpaka mama zao. Nikamwuliza kama wanajuana. Hawajuani. Kama wamewahi kunywa kahawa pamoja. Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kunipeleka.

Basi nikajiambia, kizazi hiki hata ubishi hakiuwezi. Sisi tulibishana juu ya picha ya namna hiyo, moja tu, mtaa mzima, na mtu akaharibikiwa maisha. Huo ndio ubishi.

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilijua kila kitu. Nilisoma kwa mapadri kule kwetu, upande wa Masasi, mpaka darasa la nne, kisha nikajimalizia mwenyewe. Nilisoma magazeti yaliyofungiwa sukari. Nilikuwa na kamusi ya Kiingereza iliyong'oka kurasa za mwisho, kwa hiyo mpaka leo neno la Kiingereza linaloanza na W siliamini. Mchana nilipakia na kupakua mizigo bandarini. Jioni nilifundisha kisomo cha watu wazima kwenye tawi la chama, na wanafunzi wangu, wengi wao wakubwa kuliko baba yangu, waliniita Profesa. Nikadhani ni heshima. Ilinichukua miaka mingi kugundua kwamba walikuwa wanaiga namna ninavyoinua kidole.

Nilipanga chumba kwa mzee Mwishehe, Mzaramo wa hapa hapa Temeke, mtu mfupi mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono ambayo sijawahi kuiona ikiwa chafu. Aliuza kahawa barazani kwake. Mbele ya nyumba palikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, na katikati meza ambayo miguu yake ilichimbiwa ardhini ili isiibwe. Benchi la ukutani lilikuwa la wazee na mafundi. La barabarani lilikuwa letu sisi vijana wa bandarini. Kila mtu alikuwa na mahali pake. Mtu akisafiri Lindi miezi miwili, mahali pake palibaki wazi kama pengo la jino, na wenzake walibanana kushoto na kulia kulizunguka pengo hilo wala hawakuliziba. Leo watu wana viti vya plastiki. Mtu anabeba chake, anakiweka anapotaka, anaondoka nacho, na hakuna anayejua kwamba hayupo.

Kwenye benchi la ukutani, kona ya kulia, alikaa mzee Anselmo, Mmakonde wa Newala, mchonga mpingo. Alikuwa mjane. Uso wake ulikuwa na chale za zamani, zilizopangwa vizuri kuliko barabara zote za Temeke, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa vumbi la mti ambalo hata sabuni ya kufulia haikulitoa. Mimi ni Mmwera. Mmwera na Mmakonde ni watani, na enzi zile utani ulikuwa kazi ya kudumu, si mzaha wa kupitisha wakati.

"Nimeona kunguru wengi juu ya paa," alikuwa akisema kila nikitokea. "Nikajua Mmwera amekufa. Kumbe umelala tu, unanuka."

"Nikifa si utanizika wewe, mtani? Tena utachimba kwa kijiko, maana jembe umeuza."

Nilikuwa nakaa kwenye benchi lake wakati huo, ubavuni pake kabisa, ninamega kashata yake bila kuomba. Mtani haombi.

Halafu nikampenda binti yake.

Margareta alifanya kazi kiwanda cha nguo. Alirudi jioni na nyuzi za pamba kwenye nywele, kama mtu aliyepita katikati ya mawingu, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hujamaliza kusema. Jambo hilo lilinitia wasiwasi, maana sentensi zangu zilikuwa ndefu. Lakini alinitaka. Sijui kwa nini, na sikumwuliza, nikiogopa atafikiri.

Nikamwomba mzee Mwishehe awe mshenga wangu. Akakubali, akavaa kanzu, akapeleka posa hatua ishirini tu kutoka mlangoni kwake, kwa mwendo wa mtu anayekwenda Maka. Siku ile ile utani ukafa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu watu wa kusini: ukiposa kwa mtani wako, utani unazikwa ili ukwe uzaliwe. Mkwe hacheki na baba mkwe. Hamtazami usoni. Hamsemeshi moja kwa moja, anapitisha maneno kwa mtu wa kati. Na zaidi ya yote, mkwe hakai benchi moja na baba mkwe, wala jamvi moja, wala gogo moja. Basi nikahama. Nikachukua mahali kwenye benchi la barabarani, kona ya mbali, na kwa kuwa sikuruhusiwa kumtazama mzee usoni, nikawa natazama meza.

Jibu la Anselmo lilikuwa zuri. "Binti hana neno. Mjomba wake hana neno. Mimi nipeni mpaka mahindi yavunwe, nimtazame kijana." Kilichobaki kilikuwa jambo moja tu: nikae kimya mbele ya mtu yule mpaka mavuno. Mbuzi angeliweza.

Katika muda huo ndipo meli ya Warusi ikatia nanga, na baharia mmoja akanipa gazeti la picha nami nikampa madafu. Jaladani palikuwa na gari lao la mwezini: beseni la bati lenye mfuniko, juu ya magurudumu manane, linaendeshwa na watu waliokaa huku duniani. Nililileta gazeti barazani kama Musa aliyeshuka na mbao za amri. Likapita mkono kwa mkono. Kinyozi akachana kurasa za wanawake. Tawi la chama likachukua za matrekta. Jalada likaenda kwa mtu ambaye hata leo namshuku. Ikabaki karatasi moja ya katikati, picha ukurasa mzima, na hiyo nikaiokoa.

Ilikuwa picha ya ardhi ya mwezi tupu. Hapakuwa na mbingu, wala upeo, wala herufi moja. Palikuwa na vitu vya mviringo, vikubwa kwa vidogo, vimetapakaa kila mahali, na katikati yake mistari miwili iliyoachwa na magurudumu. Nyuma ya karatasi kulikuwa na maandishi, pengine maelezo yote. Mimi niliyapaka uji wa muhogo nikayabandika mezani. Kisha, ili mtu asiing'oe, nikaipiga msumari kila pembe. Sikujiuliza juu ya picha ni wapi na chini ni wapi. Niliibandika nikiwa nimesimama kwenye benchi langu, na chini ilikuwa kwangu.

"Ndugu zangu," nikasema, kidole juu. "Hivi mnavyoviona ni vichuguu vya mwezini. Na hii ndiyo njia ya gari."

Benchi langu likaitikia. Jamali, mpakiaji mwenzangu, akasema vichuguu hivyo vinafanana kabisa na vya Nachingwea. Mzee Anselmo akainama juu ya meza, akatazama kwa muda mrefu.

"Mzee Mwishehe," akasema. "Mwulize kijana vichuguu viko wapi. Mimi naona mashimo."

Mwishehe alikuwa anamimina. Aligeuka na dele lake la shaba mkononi. "Alfonsi, mzee anauliza, vile vichuguu vyako vizuri umeviona upande gani?"

"Mwambie mzee, kwa heshima zote, viko mbele ya macho yake."

"Mzee, kijana anasema, kwa heshima zote, viko mbele yako."

"Heshima nimeisikia. Vichuguu sijaviona."

Hapo ningenyamaza. Lakini Profesa hanyamazi. Nikasema, kupitia kwa mshenga, kwamba jicho lisilosoma huona shimo palipo na kilima. Mwishehe aliyafikisha maneno haya hivi: "Anasema macho yako ni mazuri, mzee, ila picha ni mbaya." Mzee alikuwa amekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwangu, amenisikia neno kwa neno.

Siku zilizofuata mtaa ukagawanyika. Benchi la ukutani lote liliona mashimo, benchi la barabarani lote liliona vichuguu. Hakuna aliyehama. Kuhama benchi kwa ajili ya kutazama picha kungekuwa kama kuhama nyumba kwa ajili ya kuona mvua. Wapita njia walioinama kutazama walitoa ushahidi wao kufuatana na upande waliotokea, na upande wa pili ukawaita vigeugeu.

Mafundi wakaleta hoja ya magurudumu. "Mwulize kijana," alisema Anselmo, "gari likipita kwenye udongo, udongo unashuka au unapanda?"

Lilikuwa swali gumu, maana hata mimi niliiona ile mistari imeinuka, kama matuta ya viazi. Mtu mwenye akili angesita hapo. Mimi nilibuni elimu mpya. Nilisema mwezini vitu havina uzito, kwa hiyo udongo ukikandamizwa unaumuka, kama unga wa maandazi. Niliongea mpaka kahawa ikapoa. Jamali akapiga meza: "Ndio maana Warusi wamepeleka lile gari! Linalima lenyewe! Matuta hayo, jamani, kijiji cha ujamaa hicho. Mwakani tunahamishiwa!"

Watu walicheka hata benchi la ukutani. Mzee Anselmo hakucheka. Alikuwa anafikiri juu ya binti yake, mikononi mwa mtu wa maandazi.

Mtu mmoja akamwuliza mzee Mwishehe: wewe unayezunguka na dele pande zote, unaona nini?

"Nikiwa huku, mashimo," akasema Mwishehe. "Nikiwa huku, vichuguu."

Baraza zima likaangua kicheko. "Mshenga huyo!" "Na muuza kahawa!" "Hataki kupoteza mteja!" Mwishehe naye alicheka sana. Nilimwuliza miaka mingi baadaye, karibu na kufa kwake, kama alijua alichokuwa anasema. Akaniapia kwamba hakujua. Alikuwa akidhani anatupatanisha.

Margareta alinikamata kwenye bomba la maji, nimesimama na ndoo.

"Alfonsi, kubali mashimo."

"Si mashimo."

"Hata kama ni madafu. Baba ananiuliza mwanaume gani huyu anayebishana na mkwe wake juu ya mchanga. Kubali mashimo, mahindi yavunwe, unioe, halafu uje uone vichuguu vyako chumbani mpaka uchoke."

"Margareta, mtu hawezi kusaliti sayansi."

"Basi kaioe sayansi. Ikupikie." Akainua ndoo yake. Kisha akacheka, ingawa hakutaka, akasema kwa sauti ya chini: "Nyamaza tu. Si lazima ukubali. Nyamaza. Unaweza?"

Nikamwahidi. Na nikanyamaza kweli, siku kadhaa, kama mtu anayezuia chafya kanisani. Nilikunywa kahawa yangu, nikavitazama vichuguu, nikavimeza.

Jumapili baada ya misa mabenchi yalijaa. Mzee Anselmo alikuwa ametulia, na nguo safi. Sasa naelewa kwamba alikuwa anautafuta mlango wa kutokea kwenye ugomvi, mlango wenye heshima kwa wote wawili. Akasema, "Mzee Mwishehe, mwambie kijana nimefurahi kwa utulivu wake. Mtu akinyamaza, ameelewa."

Mwishehe aling'aa uso mzima. "Alfonsi, mzee anasema amefurahi. Amefurahi sana. Kunywa kahawa yako."

Mbuzi angekunywa kahawa.

"Mwambie mzee," nikasema, na kidole nikakiona kikipanda chenyewe, "kunyamaza si kukubali. Hata aliyesema dunia ni mviringo walimnyamazisha. Dunia haikuacha kuwa mviringo."

Mwishehe hakuyapeleka maneno hayo. Alisimama na dele lake kama mtu aliyesahau njia. Mzee Anselmo akaweka kikombe chini.

"Alfonsi."

Aliniita mwenyewe, kwa jina, bila mtu wa kati. Tangu posa hakuwahi kufanya hivyo. Nikasikia mkaa ukipasuka chini ya dele.

"Njoo ukae hapa nilipo mimi," akasema, na akasogea, akapapasa benchi ubavuni pake. "Njoo utazame kutoka huku. Uone kwa macho yako."

Nataka nieleweke. Nilijua. Hakuna mtu wa kusini asiyejua. Mkwe akiitwa hivyo anainama, anasema, "Siwezi, mzee, nakuheshimu mno kukaa hapo," na wazee wanatikisa vichwa, na ugomvi umekwisha, na binti ni wake. Neno moja lilitosha: siwezi. Mwishehe alikuwa ananikoholea. Aligonganisha vikombe. Alinikanyaga mguu, na alikuwa amevaa viatu vya Ijumaa.

Lakini nilikuwa nimeitazama picha ile wiki nyingi kutoka upande mmoja. Na mtu alikuwa amenikaribisha upande wa pili.

Nikaruka benchi, nikazunguka meza, nikakaa. Mabega yetu yakagusana. Nikainama.

Yalikuwa mashimo.

Vile vile vichuguu, kimoja kimoja, nilivyovijua kama wanafunzi wangu, vilikuwa vimedidimia ardhini. Na ile mistari ya magurudumu ilikuwa imezama, safi kabisa, kama mistari ya gari lolote kwenye mchanga wowote. Unga wa maandazi ukaniporomokea kichwani. Baadaye sana nilisoma sababu yake: jicho la binadamu limezoea jua la juu, kwa hiyo hudhani kila kivuli kimetokana na mwanga unaoshuka kutoka upande wa juu wa picha. Geuza picha, na shimo linakuwa kilima. Siku ile sikujua hayo. Niliona tu kwamba dunia imegeuka ndani nje kwa kuhama benchi.

"Ni mashimo," nikasema. "Mzee, ni mashimo! Lakini nenda wewe ukakae kwangu. Nenda!"

Anselmo alinitazama kama mtu aliyekabidhiwa kitu kizito kwa ghafla. Kisha naye akainuka, akazunguka meza, akakaa mahali pangu kati ya makuli. Akainama. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Vichuguu!" akapiga kelele. "Mmwera, mbwa wewe, ni vichuguu!"

Tukacheka. Sijawahi kucheka vile tena. Alirudi kwenye benchi lake kuhakikisha, mashimo, akarudi kwangu, vichuguu. Mimi nikamfuata, tukapishana, tukagongana, tukakaa pamoja huku, tukakaa pamoja kule. Alinipiga mgongoni. Nilimshika mkono. Alisema kunguru walionitafuta safari hii wamekosea, kilichokufa ni akili tu, mwili bado. Nikamwambia akili ya Mmakonde haijawahi kufa, maana haijawahi kuzaliwa. Mabenchi yote mawili yakainuka, watu wakapishana kama siku ya kupiga kura, wazee wakakaa barabarani, makuli wakakaa ukutani, kila mmoja akipiga ukelele wake. Mchana ule mtaa mmoja wa Temeke uliyaona mambo ya mwezini kuliko watu wengi wenye shahada.

Mtu mmoja tu hakushiriki. Mzee Mwishehe alikuwa anakusanya vikombe, polepole, kimoja kimoja. Alipofika kwangu alisema, bila hasira, "Umekaa, Alfonsi."

Ndipo kicheko kikanikauka.

Kesho yake Mwishehe aliitwa kwa Anselmo, akarudi amevua kofia. Sikuwahi kukiona kichwa chake kabla ya hapo. Akaniambia mzee analia. Mzee amesema hivi: nilimwita nikijua hatakuja, nilitaka akatae mbele ya watu ili nipate kumpa mtoto wangu kwa moyo mweupe. Amekuja. Tumegusana mabega, ametukana akili yangu nami nimetukana yake, tumecheka kwa meno yote thelathini na mawili. Utani tuliouzika umefufuka, na utani ukifufuka ukwe hauzaliwi. Sina kinyongo naye. Nampenda kuliko jana. Ndiyo maana siwezi.

Tulijaribu. Mwishehe alirudi na jogoo, kisha na kaniki, kisha na mzee mwingine wa kwetu aliyejua maneno ya kufuta mambo. Anselmo alimpokea kila mtu kwa adabu. Jogoo, alisema, hafuti kicheko.

Margareta hakulia mbele yangu. Alisema, "Nilikwambia unyamaze, ukasema. Ukaitwa, ukaenda. Hivi kuna siku umewahi kukaa mahali ulipowekwa?" Kwa mara ya kwanza kidole hakikupanda.

Mnaweza kusema mila ile ilikuwa ya kijinga. Wanangu wanasema hivyo. Mkwe wangu wa leo huingia bila hodi, hukaa kwenye kiti changu, hunipiga bega na kuniita mzee baba, kisha hunyoosha simu tupigwe picha tukiwa tumekumbatiana. Simchukii. Lakini akiondoka, sijui kama amekuja mkwe au fundi umeme. Anselmo alinikatalia binti yake kwa sababu mahali nilipokaa palikuwa na maana. Sasa hakuna mahali penye maana, kaa popote. Ninaililia mila ile, mimi niliyeivunja mbele ya mashahidi kwa kuruka benchi, na ninajua namna hilo linavyochekesha. Nilioa baadaye, marehemu Apolonia, mwanamke mwema aliyenivumilia. Baba yake alikuwa amekwisha fariki. Nilihakikisha hilo kwanza.

Margareta aliolewa mwaka uliofuata na Albano, fundi cherehani wa Kinondoni, mtu mtaratibu aliyenizidi umri kwa miaka saba. Albano alikuwa amekunywa kahawa kwenye meza ile miezi mizima, na kila mara aliweka kikombe chake juu ya picha bila kuitazama. Walipomwuliza anaona nini, alisema anaona karatasi. Anselmo alimpenda mara moja.

Siku ya arusi nilitaka nijifiche bandarini. Mzee Anselmo alinifuata mwenyewe. "Mtani, huwezi kuniacha peke yangu leo," alisema, akanishika mkono, akanikalisha kwenye safu ya wazee wa bibi arusi, ubavuni pake, bega kwa bega, mahali ambapo nilikuwa nimejinunulia mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Bwana arusi akaletwa kutusalimu, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwangu alipiga goti, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa.

"Shikamoo, baba."

Anselmo akanigonga kiwiko. Nikaitikia.

Halafu akaja Margareta. Alikuwa na shela, na mkononi ua la karatasi. Alipiga goti mbele yangu, na kwa namna mdomo wake ulivyokuwa umebanwa niliona kwamba anazuia kicheko, au kitu kingine kinachofanana nacho kutoka upande ule.

"Shikamoo, baba mdogo," akasema.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.